Pembe Chini ya Mungazi

Alhamisi, 25 Mei 1961

Claudine amelia kutoka jogoo wa kwanza mpaka chai. Meno? Tumbo? Roho mbaya? Ana miezi sita na anajua kila kitu isipokuwa kulala.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa habari nzuri ya leo. Mchana Hubert karudi kutoka ofisi ya kilimo, kakaa kitini bila kuvua viatu. Anahamishwa. Bafwasende! Porini kabisa, barabara ya matope, vizuizi vya askari kila daraja. Camion, lori la huko, inaondoka Jumamosi ya wiki kesho. Yeye peke yake. Mimi nibaki hapa Lubunga na Claudine, na Faustin wa miaka mitatu anayekula udongo, na mama yake Hubert, Mama Zaina, anayenikumbusha kila asubuhi kwamba alilea watoto saba na hakuwahi kupiga miayo.

Sikulia. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jirani kauliza ng'ambo ya ua nimegombana na nani.

Wakati wa kula Hubert kasema kidogo tu, kama mutu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni: pengine njia iko. Kuna agronome, mtaalamu wa kilimo wa ONU, Umoja wa Mataifa, pale ofisini, Bwana René, Mswisi. Baba yake analima zabibu na kutengeneza divai. Tangu mto ufungwe kwa ajili ya vurugu, na mabateau, meli za Léopoldville, yaache kupanda, divai imekwisha mjini. Bwana René kageukia malafu yetu, pombe ya mingazi, michikichi yetu. Anazunguka kutembelea mashamba wanakogema. Atachagua moja liwe shamba la mfano, nalo litataka moniteur, mwalimu wa wakulima kama Hubert, wa kukaa hapo. Mkuu wa ofisi anamsikiliza sana.

Mingazi si tunayo! Ile ya marehemu baba mkwe, nyuma ya nyumba! Hubert kasema tumwombe Mungu. Nimesema ndiyo, lakini Mungu naye asaidiwe.

Ijumaa, 26 Mei

Bwana René kaanza na shamba la Colette, jirani yetu. Bien sûr! Yule mwanamke hujipanga mbele hata kwenye maziko.

Ghafla nikakumbuka niko na kichungi chake tangu Pasaka. Kukirudisha ni adabu. Kukaa hapo na kusikiliza, huo ni uchovu. Kila mutu anaona nimechoka.

Hubert alikuwa akitafsiri. Bwana René ni mrefu, mpole, pua imeiva kwa jua. Kaeleza kwamba baba yake hatii dawa ya kiwanda shambani, hata kijiko. Hufuata mwezi: siku ya kupanda, siku ya kukata, siku ya kumimina. Tena hujaza mavi ya ng'ombe ndani ya pembe ya ng'ombe, anaizika shambani miezi ya baridi, kisha anaifukua. Yaliyomo anayakoroga kwenye maji mengi na kunyunyizia mizabibu. Hapo Hubert kamwomba arudie, alidhani amesikia vibaya. Hakusikia vibaya. Colette kacheka mpaka kashika mti.

Alipoulizwa yeye hulisha mingazi yake nini, Colette kafuta machozi na kuvimba kifua. Dawa ya Wazungu, Musiyé! Mifuko mizima, aliyoacha yule Mbelgiji aliyekimbia! Hata funza wanakufa!

Bwana René alikuwa na kikombe mdomoni. Kakishusha polepole.

Nimerudi nyumbani nikiruka, Claudine mgongoni akidhani ni ngoma. Mingazi yetu haijaonja dawa tangu iumbwe. Haijaonja hata jembe! Uvivu wetu umekuwa sifa. Kwetu anakuja Ijumaa ijayo. Kinachokosekana ni pembe tu.

Jumamosi, 27 Mei

Ng'ombe wa karibu kuliko wote Kisangani ni yule aliyechorwa kwenye kopo la nyama. Mavi yake sijui atanipa nani.

Nikaamua: mbuzi. Mbuzi ni ng'ombe aliyenyimwa chakula. Jirani mwenye mbuzi ni nani? Colette. Nilikuwa nimeinama nyuma ya banda lake na kikapu, nikiokota, aliponisimamia kichwani. Hata mavi ya mbuzi yangu unaiba, Mama Faustin? Nikajibu ni dawa ya tumbo la mutoto. Kamtazama Claudine kwa huruma ambayo sikuipenda. Kisha kasema mavi ya mbuzi wake ni yake, nirudishe. Nikarudisha nusu.

Jumapili, 28 Mei

Misa. Nilisinzia wakati wa mahubiri, nikaota pembe. Nilipoamka, nikajua iko wapi.

Chini ya kitanda cha Mama Zaina! Ile pembe yake ya kuumikia watu! Nusu ya Lubunga huja kwake na kichwa kinachogonga, anawachanja kidogo, anabandika pembe, anavuta damu mbaya, wanaondoka wakitabasamu. Pembe ya ng'ombe kabisa, ya mama yake, ilikuja na misafara ya zamani kutoka Maniema. Nyeusi, inang'aa.

Nitaiazima. Siku tatu tu. Huko kwao Bwana René huzika miezi mingi, lakini udongo wao ni mzito kuamka. Wetu hapa, ukitupa kijiti cha muhogo, kesho kina majani.

Jumanne, 30 Mei

Mwezi mpevu. Jua lilipozama Mama Zaina katandika msala wake. Yeye ni Mwislamu wa familia ya zamani. Hubert alibatizwa shuleni kwa mapadri, na mapadri hajawasamehe mpaka leo. Alipoinama, mimi nikainama. Yeye kwa Mungu, mimi chini ya kitanda.

Nimeijaza mavi ya mbuzi, nimeizika chini ya mungazi mzuri kuliko wote, ule anaoupenda mgema wetu Papa Lambert. Claudine hakulia hata mara moja. Faustin kaniona. Nimemwambia ni siri yetu wawili. Kaitika: ndiyo, mama. Mtoto ana akili huyu!

Jumatano, 31 Mei

Mon Dieu.

Asubuhi kaja papa mmoja wa kwenye bac, kivuko cha mto, kichwa kinamuuma anataka kukikata. Pembe haipo. Mama Zaina kapindua kitanda, masanduku, kabati, mtungi wa maji. Sikumtaja Colette. Niliuliza tu: jana nani alikuja kuomba chumvi? Mama Zaina kavaa kitambaa chake cha kichwa cha vita na kwenda.

Hakufika. Papa Lambert alikuwa anakuja mbio kutoka shambani, ameacha mkanda wake wa kupandia ukining'inia mtini. Kaona udongo mbichi, kachimba kidogo, kakuta pembe imejazwa mavi! Chini ya mti wake! Nani anataka aanguke? Nani kamlogea mikono? Kaapa hapandi tena mungazi wowote wa shamba hilo, hata chini yake kuwe na askofu.

Kabla ya mchana Lubunga nzima walijua. Malafu ya jana hayakunywewa na mutu. Wengine walitema ya juzi.

Kila mmoja alisema ni wivu wa Colette. Mimi nilisema Mungu ndiye anayejua. Na ni kweli, alikuwa anajua. Yeye na Faustin.

Alhamisi, 1 Juni

Leo asubuhi wameileta pembe uani kwetu kwa koleo la moto. Watu wamejaa. Mama Zaina katoka, kaitazama, kapiga kelele kabla hajafikiri: pembe yangu!

 Halafu watu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Wale wale aliowatoa damu mbaya miaka yote! Mama mmoja aliyelala mikononi mwake wakati wa homa kavuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mama Zaina kasimama peke yake katikati, ananitafuta kwa macho. Mimi! Kati ya watu wote!

Bon. Kuna mambo mutu anaweza kunyamazia na kuna mengine hapana. Nimemfunga Claudine vizuri mgongoni, nimekwenda kusimama karibu yake, nimesema ni mimi. Ni kilimo. Kwa Bwana René wanazika pembe na mavi ili divai iwe tamu.

Wakacheka! Mzungu azike mavi ndani ya pembe, kwa ajili ya divai? Walisema mimi ni mkwe mwema, lakini nisiseme uongo kwa ajili ya mama mkwe.

Hubert alikuwa kazini, basi nikamgeukia Colette. Yeye alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Colette kapangusa mikono kwenye kitambaa chake polepole. Kasema yeye hakusikia kitu, alikuwa anatafuta kichungi chake.

Jioni Mama Zaina kawasha moto. Kaosha pembe kwa maji ya moto, kwa majivu, kwa limau, tena kwa maji ya moto. Kisha kaniita. Kanikalisha chini, kanishika kichwa, kabandika pembe nyuma ya shingo bila kuniuliza kama kinauma. Kilikuwa kinauma. Pembe bado ilinuka.  Nililala palepale, juu ya mkeka mtupu, mpaka usiku wa manane, na Claudine alilia kwa bibi yake.

Ijumaa, 2 Juni

Bwana René kavuka mto kwa bac. Kakuta Lubunga nzima shambani kwetu. Kadhani ni mapokezi, kapunga mkono.

Wazee hawakutaka salamu. Walimwambia Hubert amuulize: pembe ni nini? Mama Zaina kainyanyua mbele yake kama mutu mahakamani.

Bwana René! Nusura ambusu! Kaigusa, kainusa (kainusa!), macho yamejaa maji, kasema tangu aache kwao hajaona kitu kama hicho, na hata kwao majirani walimcheka baba yake. Kaeleza yote upya, na Hubert katafsiri kwa sauti ya juu.  Mwisho Papa Lambert kauliza swali moja: na huko kwenu, Musiyé, hawamufungi?

Vicheko. Watu wakaanza kumrudia Mama Zaina, mmoja na mgongo, mwingine na goti. Kawaambia waje kesho, na waje na adabu.

Likabaki jambo dogo. Malafu! Lambert hakupanda tangu juzi. Kulikuwa na kibuyu kimoja tu, cha Jumanne, kimechacha mpaka kifuniko kimeruka. Na kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Nikanywa. Nikatabasamu. Jicho moja lilifunga lenyewe.

Bwana René kanywa. Kafumba macho. Tukangoja. Kasema ni kitu kilicho hai.

Alors! Shamba letu ni shamba la mfano! Nimemkumbatia Hubert mbele ya watu. Nimelia sasa, niliruhusiwa. Nikamtazama Colette kidogo tu, si sana, kama unavyotazama mvua ya mtaa mwingine.

Ndipo Bwana René kaendelea, na Hubert kaacha kutafsiri. Nikamvuta shati. Kasema kwa sauti ndogo: mlezi wa shamba ni Mama Zaina, kwa kuwa ndiye mwenye pembe. Ila elimu hii isibaki Lubunga. Kule porini udongo haujaguswa na dawa, na watu wa huko wanamhitaji moniteur aliyeiona kwa macho yake.

Bafwasende. Camion ileile. Kesho.

Jumamosi, 3 Juni

Nilimfungia Hubert kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa. Nilimkunjia mashati. Nilimwambia aende, nitaweza, asigeuke nyuma, kwa sababu Faustin ataona uso wangu. Tulivuka naye mpaka kwenye camion, wote. Mama Zaina na pembe imefungwa kiunoni, haiachi tena hata akioga.

Dereva, Asumani, alikuwa juu ya mizigo anafunga kamba. Katushukia. Kauliza ni huyu ndiye papa wa pembe? Anayekwenda kuzika?

Hubert akaanza kueleza kilimo. Loo, Hubert! Mwezi, mavi, kunyunyizia, yote. Abiria walianza kushuka alipotaja mwezi. Asumani kasema hana ubaya na yeye, lakini kila kizuizi askari wanafungua mizigo, na wale wakisikia habari ya pembe, camion nzima inalala kwenye mtaro. Hata akifika Bafwasende, nani atalala karibu yake? Kapanda, kawasha, kaondoka. Sanduku la Hubert limebaki barabarani, na Faustin juu yake anakula kwanga.

Nikauliza Asumani aliambiwa na nani. Mwenye maandazi kasema: mama mmoja wa Lubunga, mnene, alipita tangu alfajiri kuonya kila dereva.

Colette! Alitaka kuniharibia jina mpaka Bafwasende, na amenirudishia bwana! Sikumshukuru. Angejivuna.

Jumapili, 4 Juni

Hubert kambeba Claudine usiku kucha. Mimi nimelala. Nimelala! Niliamka nikadhani nimekufa.

Nimefikiri sana juu ya wiki hii, na nimepata funzo: pembe inafanya kazi. Bwana René hakukosea, isipokuwa juu ya zabibu. Pembe huzuia waume.

Baada ya misa Hubert kasema ofisi haijakata tamaa. Kwa kuwa madereva wanamkataa, watamtuma Yanonge, chini ya mto, kwa pirogue, mtumbwi, wiki hii hii, na wapiga kasia hawajasikia kitu.

Hawajasikia bado.

Nimemuuliza Mama Zaina kwa upole kama yake ina pacha. Kakaza kamba ya kiunoni. Basi nimekaa hapa dirishani, mtoto kifuani, natazama ng'ambo ya ua. Mbuzi wa Colette anakula majani, hana haraka. Iko na pembe mbili.