Mrithi wa Jumba la Balozi

Nicanor alipomwona mzee wa kanzu nyeupe akilikodolea macho jumba la balozi pale Likoni, moyo ulimwambia: riziki hiyo. Jumba lilikuwa tupu tangu mwaka wa arubaini, vita vilipomfungisha balozi virago, na sasa vita vimekwisha. Kitu kisicho na mwenyewe, aliamini Nicanor, ni dhambi kukiacha hivi hivi.

"Shikamoo, mzee. Umelipenda jumba la babu yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe lina mwenyewe?"

"Marehemu alilijenga kwa mikono yake. Balozi aliazimwa tu. Hati ninayo."

Hati alikuwa hajaiandika bado, lakini hilo ni jambo la dakika kumi.

Mzee, aliyejitaja kuwa Lewa, akapapasa mfuko wa kanzu uliotuna vizuri. "Nanunua. Na babu amelala wapi?"

Hapo ndipo mwongo hodari hunyamaza. Nicanor hakunyamaza. "Pale, chini ya mfenesi."

"Basi hapauzwi bila ruhusa yake. Mrithi atambike kwanza: mbuzi, mchele, tembo la mnazi, wazee waje wale, washibe. Koma, roho za wafu, wakikasirika, nyumba haikaliki."

Nicanor alikuwa na mali moja tu duniani, baiskeli aliyoinunua kwa jasho la kweli, jambo la nadra kwake. Aliiuza siku ile ile, na roho ikamuuma sana.

Jumamosi asubuhi wakafika wazee wanane. Lewa akafungua lango kwa ufunguo, na Nicanor, aliyekwisha kuzitumia fedha kichwani, hakuuliza umetoka wapi. Wakamwaga tembo chini ya mfenesi, wakamsifu babu kwa sauti nzito, kisha wakala mpaka mifupa ikang'aa.

"Sasa nipe changu, mzee."

"Nitakupa historia. Jumba hili alilijenga tajiri mmoja wa nazi, akampangisha balozi. Mimi nilimpikia balozi miaka tisa, akaniachia funguo. Hapo chini ya mfenesi tulimzika mbwa wake."

Wazee wakacheka hadi machozi, wakavua kanzu. Ndani walivaa nguo za kazi: wote mafundi chokaa.

"Balozi mpya aingia Jumatatu," Lewa akaendelea. "Mafundi nilikuwa nao, chakula chao ndicho kilichonisumbua. Mungu akakuleta."

"Nitakushitaki!"

"Haya, twende. Polisi nao wataka kusikia habari za babu."

Nicanor akanywea. Lewa akamtia brashi mkononi.

"Anza na ukuta wa mbele, mjukuu. Nyumba ni yenu."