Ubao wa Swala na Sauti ya Duba

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kompyuta ya marehemu Duba imekufa. Giza tupu! Ndani yake ndimo alimo, akiwaimbia ngamia kisimani Garbatulla. Jumatatu ijayo anatimiza mwaka kaburini na lazima aimbe. Mutea fundi amefungua, amenusa. Eti ubao mkubwa unaobeba vyote, madabodi, umeungua. Akataka kuihamishia sauti kwenye simu. Nikamwambia mume wangu si mkimbizi, ataimba mezani kwake. Akasema basi, shosho, bibi yangu, nunua ubao mpya wa chapa ya Tembo, Makandi jirani anayo mwaka wa sita na anaisifu. Makandi! Mwuza miraa anifundishe kununua?

Jumatano, 5 Juni
Dukani kwa Hamse. Nimezipima mbao za chapa mbili kwa mkono kama mbuzi. Tembo nyepesi. Swala nzito, nyeusi, inang'aa. Nimechukua Swala. Hamse akasema, akko, bibi, ikiharibika rudisha ndani ya siku saba, lakini iwe nzima kama ilivyotoka.
Zamani Duba akiuza mifugo hakuandika risiti. Mtu wa Kinna alirudisha ndama asiyekula, akapewa mwingine na chai juu. Watu walikuwa watu! Siku hizi ukigeuza shingo wanakubadilishia mali. Mimi si mjinga. Kabla ya kumpa Mutea nimeukata ubao sikio, kwenye kona, alama yetu ile ile ya mbuzi. Abadilishe sasa, tuone!

Ijumaa, 7 Juni
Kompyuta haiwaki. Mutea ameshika kichwa, akauliza ni panya gani amekula kona. Nikamjibu panya huyo ana miaka sabini na mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Hamse amekataa kuipokea Swala. Eti kuna nyuzi nyembamba za shaba hadi ukingoni, nimezikata mwenyewe. Nikamwambia sikio halijawahi kumzuia mbuzi kula. Duka zima likacheka. Lokwang mwuza ngozi akaniomba niitie alama simu yake pia. Adabu imekwisha Isiolo.
Duba angeketi, angekunywa vikombe vitatu, mambo yangeisha kwa utani. Mimi ningekuwa nje nimeshika kamba ya ng'ombe, nimenuna bure. Nilipenda kumsubiri vile. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Juni
Beberu wangu wa mwisho ameuzwa. Nimemtuma Mutea akachukue Tembo, Makandi asijue. Makandi alikuwa dukani!

Jumatatu, 10 Juni
Ameimba! Nyumba ilijaa, hakuna aliyekohoa. Katikati ya wimbo ikatokea sauti yangu, kali, namwambia aache kelele ahesabu ngamia. Naye akacheka, akaendelea kuimba. Nilikuwa nimesahau cheko lile. Nimelia mbele ya watu.
Makandi naye alilia, akapenga kamasi, kisha akaanza, si nilisema Tembo. Nikamwambia afunge mdomo, Tembo nimeichagua mimi. Na kwa kuwa anatafuta redio, kesho anipitie mapema nikamchagulie. Maskini, peke yake atadanganywa.