Mguu wa Straton Siku ya Askari

Sogeeni, enyi wana wa vilima vya Masisi, nanyi wana wa misitu ya Walikale! Mwenye jembe na aliegemee, mwenye chungu jikoni na apunguze moto, na yule jirani yenu mwenye domo refu na alifunge kwa kitambo, maana leo nasimulia vita ambavyo ndani yake bunduki haikulia wala mkuki haukurushwa, vita vya Straton Hakorimana, simba wa Abisinia, mvuka majangwa, mpalilia maharagwe, ambaye alipigana kwa kusimama tu na akashinda. Anayedhani kusimama ni jambo jepesi, na ajaribu mwenyewe kisha aje tubishane.

Zilikuwa zamani za Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, miaka michache baada ya vita vile vikubwa vilivyowachukua vijana wetu hadi nchi ya Abisinia. Kila mwaka ilifika Siku ya Askari, na mashujaa waliorudi walipanda hadi uwanja wa posta ya Masisi, ndicho kituo cha serikali, kila mmoja na kofia yake nyekundu kichwani na bandi zake miguuni, yaani vile vitambaa virefu vinavyozungushwa kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Wakasimama mstari mmoja, na Sajini Evode, mzee wa chuma asiyecheka hata arusini, akaita majina ya wenzao waliokufa. Kila jina la marehemu lilijibiwa na rafiki yake aliye hai kwa neno moja: “Iko,” yaani yupo. Na sheria ya Evode ilikuwa kali kama pilipili ya Walikale. Anayetikisika wakati wa majina anatolewa mstarini, na marehemu asiyejibiwa haitwi tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo anakufa mara ya pili, na safari hii bila hata homa.

Marehemu wa Straton aliitwa Hilaire, mwindaji wa Walikale, aliyefia njiani wakirudi. Sitaki kumsifu sana, maana alikuwa mtukutu. Huko Abisinia, askari walipopangwa kukaguliwa, Hilaire alikuwa akisimama nyuma ya Straton na kumtekenya nyuma ya goti kwa unyasi. Straton, ambaye hakuogopa risasi, aliogopa kutekenywa kuliko mauti. Alicheka mstarini na akaadhibiwa, akacheka tena na akaadhibiwa tena. Naye Hilaire alikuwa akimpelekea ugali gerezani, akiomba msamaha kwa uso wa mtakatifu.

Sasa sikilizeni jinsi dhoruba ilivyokusanyika. Mwaka huo mjane wa Hilaire, Mama Godelieve, aliamua kuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe mumewe akijibiwa. Alitoka msituni kwa miguu, akapanda milima kwa siku kadhaa, akimvuta kwa kamba mbuzi dume mwenye ndevu nyeupe. Mbuzi huyo alikuwa zawadi, kwa maana kwao anayekusemea maiti wako hashukuriwi kwa maneno matupu. Alifika jioni, akalala kwa kina Straton, na habari ikaenea kilimani kwamba kesho si siku ya kuharibu mambo.

Alfajiri shujaa alifungua sanduku lake la bati. Kofia ilikuwepo, bandi zilikuwepo, lakini utepe wa kufungia bandi ya mguu wa kulia haukuwepo! Mkewe Mukankusi, malkia wa mashamba, mwenye ghala lisilokauka, alikuwa ameukata kwa kisu akafungia mfuko wa mbegu za maharagwe. Straton akasimama katikati ya nyumba, mkono kifuani, akatoa hotuba.

“Mukankusi, mie nilitembea na hii bandi mu jangwa, nikavuka nayo mito yenye mamba, risasi ikapita pembeni haikuigusa. Leo maharagi njo imeishinda?”

“Papa Straton,” akajibu malkia bila kuacha kufagia, “jangwa haikukulisha. Ile mbegu njo itakulisha. Na mufuko nikiufungua sasa, panya watakula mwaka wetu muzima.”

Straton akatoka hadi nyuma ya nyumba, akachuna kamba ya mgomba, akailoweka ikalainika, akaipaka masizi iwe nyeusi kama utepe halisi, akafungia bandi yake kwa fundo la askari. Mkulima gani wa Masisi asiyejua kwamba mbuzi hupenda mgomba kuliko sisi tunavyopenda pombe yake? Straton alijua vizuri sana. Lakini asubuhi ile alikuwa askari, na ukulima wake alikuwa ameuacha sandukuni mahali pa kofia.

Basi uwanja ukajaa. Bendera ikapanda, tarumbeta ikalia, Mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya yetu, akakaa kwenye kiti chake kivulini, na Sajini Evode akapita mbele ya mstari akikagua. Alipofika kwa Straton aliitazama bandi, akanusa kidogo, akapita. Shujaa akashusha pumzi. Ndipo wito wa majina ulipoanza, kwanza watu wa karibu na posta, halafu wa mbali, hata uishie na watu wa msituni. Hilaire angekuwa wa mwisho.

Mama Godelieve alikuwa mbele ya umati, kamba ya mbuzi mkononi. Jina la kwanza lilipotajwa alifanya ishara ya msalaba kwa mkono uleule, na kamba ikateleza. Mbuzi akainua pua. Akanusa upepo wa Masisi, na katika upepo huo, kati ya harufu ya jasho na dawa ya viatu, akasikia wito wa mgomba.

Lo, mwovu mwenye ndevu! Alitembea polepole, kama jenerali anayekagua ngome anayoijua ni yake, akaupita mguu wa huyu na mguu wa yule, akafika nyuma ya Straton. Akauma fundo. Akavuta. Bandi ikaanza kufunguka, mzunguko baada ya mzunguko, kama ukuta wa mji unaobomoka mbele ya raia wake. Umati ulishika vinywa. Straton hakutikisika.

Lakini kitambaa hakikuwa vita vyenyewe. Mbuzi, alipomaliza fundo, alitafuta mabaki ya kamba yaliyonata ngozini, na ndevu zake zile zikafika nyuma ya goti. Zikapita kushoto, zikarudi kulia.

Enyi mliowahi kubana kicheko kanisani, mwombeeni mtu huyu! Mbavu zake zilijaa, shingo ilivimba, meno yalibana ulimi, na machozi yakaanza kumtiririka mashavuni hadi kidevuni. Umati ukaona machozi, ukanong’ona kwamba angalieni mapenzi ya rafiki. Mama Godelieve naye aliyaona, akaanza kulia. Na Straton, akiwa amekazwa hivyo kati ya kicheko na bendera, akakumbuka unyasi. Akakumbuka nani alikuwa akisimama nyuma yake. Tangu hapo hakujua tena machozi yale yalikuwa ya nini.

“Hilaire!” akaita Sajini Evode.

“Iko,” akasema Straton, kwa sauti iliyofika hadi bondeni.

Mbuzi aliruka kwa hofu, akakimbia na bandi mdomoni, akapita chini ya bendera na mbele ya kiti cha Mzungu, akapotelea mikaratusini. Evode alikuja, akainama, akautazama mguu mtupu na udongo uliokuwa chini yake. Kiatu hakikuwa kimesogea hata upana wa ukucha. Mzee wa chuma akasimama wima akampigia saluti, na wapo wanaoapa kwamba mdomo wake ulicheza.

Watu walipotawanyika, Mama Godelieve alimfuata Straton akamshukuru kwa machozi yale. Straton, ambaye hakuweza kumdanganya mjane, akamweleza yote, mbuzi na unyasi wa Abisinia. Mama akacheka hadi akaketi chini.

“Hata ku nyumba alikuwa anafanya vile,” akasema. “Mie nilikuwa namufukuza na mwiko.”

“Mama, ile mbuzi hatutamukula,” akasema Straton.

Naye hakuliwa. Alizeekea kwa Mukankusi, akifungwa kwa kamba mbili mbali na mgomba. Basi ijulikane kwa vizazi kwamba siku ile, katika uwanja wa Masisi, majeshi ya ndevu yalishindwa na goti moja, na Hilaire wa Walikale hakufa mara ya pili. Mwaka uliofuata Straton alivaa bandi mpya yenye utepe halali, na jina la rafiki yake lilipoitwa alichelewa kidogo kujibu, hata Evode akageuka kumtazama. Alikuwa anangoja kutekenywa.