Dumu Jekundu na Cheo cha Taaluma

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Habari kubwa. Mwalimu Mkuu Devota ametangaza Maonyesho ya Sayansi ya Bahari. Jumatatu ijayo, uwanja wa shule, kijiji kizima kimealikwa. Mwalimu ambaye meza yake itashinda ndiye atakayekuwa mwalimu wa taaluma. Ofisi yenye feni! Miaka sita nafundisha sayansi hapa, nalowa jasho, naiota feni ile.

Mpinzani ni mmoja tu: Badru wa jiografia. Kazaliwa Moa, pwani hii hii, anaogelea, anajua majina ya pepo zote. Mimi nimezaliwa Lushoto, kwenye kabichi. Utotoni maji mengi niliyoyaona yalikuwa ya pipa. Lakini sayansi ni sayansi.

Jumatano, 20 Agosti

Wanafunzi wameleta mawazo. Kijakazi wa darasa la sita kaleta daftari. Kaandika uzito wa kila pweza aliyevuliwa na mama yake na shangazi zake tangu mwaka jana. Nikamwambia hayo mambo ya jikoni, maonyesho yanataka kitu cha kushtua watu. Daftari limefaa hata hivyo. Meza yetu inayumba, nimelikunja nikaliweka chini ya mguu mmoja. Imetulia kabisa.

Nimechungulia kwa Badru. Anachora mikoko kwenye manila. Manila! Nimecheka hadi nikapaliwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepata wazo. Pweza hai! Na juu yake bango: TUTUNZE BAHARI. Nikatangaza darasani kwamba Jumapili, maji yakitoka, nitakwenda mwambani mwenyewe. Kijakazi akauliza mwamba upi. Nikasema ule wenye kitu chekundu. Akasema huko hakuendwi.

Mizimu! Nilijua tu. Nikamkatiza, nikatoa somo la dakika arobaini dhidi ya ushirikina. Akanyoosha mkono mara tatu. Nikamwambia aushushe.

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Mungu atanielewa, ni kwa ajili ya viumbe vyake.

Bamvua, maji yametoka mbali sana. Ajabu: mwamba ule mzima hauna mtu! Wanawake wote wamebanana mwamba wa pili na fimbo zao za pweza. Wakanipungia mikono kwa nguvu. Nikawapungia pia. Watu wa pwani wana ukarimu.

Pweza tele! Wangu sikumkamata, alinikamata yeye. Alishika kandambili yangu, nikaivuta, akaja nayo hadi ndani ya ndoo. Nikirudi nikaona uchafu: dumu jekundu lenye kitambaa juu, limefungwa kamba kwenye jiwe. Plastiki baharini! Nikaikata kamba, nikalibeba. Litapamba meza. Badru kwisha.

Pweza nimemwekea maji ya kisima na nusu pakiti ya chumvi.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo sina hamu, lakini nitaandika.

Asubuhi nimemkuta Kijakazi kamwaga maji yangu, kaleta ya baharini. Eti pweza alikuwa amelegea. Hakuomba ruhusa. Nikamsamehe, siku ilikuwa njema bado.

Saa tatu watu wakafurika kwenye meza yangu. Kwa Badru alipita mbuzi tu. Dumu nililiweka mbele na kibandiko: TAKA HATARI, KAZI YA MTU ASIYEJALI BAHARI. Jaji akafika, Bi Mwanamkasi, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mvuvi wa pweza tangu ujana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku anasoma kibandiko. Akakisoma tena.

"Mwalimu," akasema, "dumu hili nimelifunga mimi, kwa mikono yangu. Ndio mpaka wa mwamba tuliofunga miezi mitatu, pweza wakue. Kila tunachokilinda tunakiwekea alama. Na huyu pweza umemtoa wapi?"

Nikamtazama Kijakazi. Alikuwa kanyoosha mkono.

Aibu iliyonipata siwezi kuieleza. Nikaegemea meza, meza ikasogea, daftari likachomoka chini ya mguu. Bi Mwanamkasi akaliokota, akalikunjua, akamwita Kijakazi aeleze. Mtoto akaeleza bila woga: kabla ya mwamba kufungwa mwaka jana, pweza mkubwa kabisa wa mama yake hakufika kilo moja. Siku ya kufungua, shangazi alipata wa kilo tatu na nusu. Wanawake wakadakia kwamba wanamkumbuka pweza huyo. Bi Mwanamkasi akasema wapo wanaotaka mwamba usifungwe tena, na kamati haikuwa na ushahidi. Daftari hilo atakwenda nalo kikaoni.

Meza yetu ikashinda! Nikafunga kifungo cha koti, nikasogea mbele. Zawadi akapewa Kijakazi. Mwalimu Mkuu akasema meza imeshinda kwa daftari, na mwalimu anayetegemeza meza kwa daftari la mwanafunzi hawezi kukabidhiwa taaluma. Feni kapewa Badru. Roho imeniuma sana.

Tukamrudisha pweza kabla maji hayajajaa. Ndoo nimebeba mimi, darasa zima nyuma yangu. Na kamati imenipa adhabu: kulifunga dumu pale pale, kisha kulilinda kila bamvua hadi mwamba ufunguliwe.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimefikiri kwa kina. Badru ana feni, mimi ni Mlinzi wa Mwamba. Ukiitazama vizuri, nimepandishwa cheo.

Kosa langu lilikuwa moja tu: pweza ni mnyama mdogo. Mwakani naleta kasa! Mayai yakianguliwa mbele ya mgeni rasmi, nani atatazama manila? Nimemwuliza Kijakazi kasa hutaga wapi. Akasema mpaka amwulize Bi Mwanamkasi kwanza. Watoto wa siku hizi wanaficha elimu. Nitatafuta mwenyewe.

Jioni nimepita ufuoni kukagua. Mayai sikuyaona. Nilichokuta ni vijiti vinne vimezungushiwa kamba ya bluu, katikati mchanga mtupu. Mtu katupa takataka zake hapo akaenda zake. Hata baada ya maonyesho, watu hawajifunzi! Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nakwenda kuving'oa.