Naomba Nikabidhiwe Feni Iliyoungua ya Mashine Yangu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Chimbo la Wingu,
(Anwani nitaijaza mkishanipa.)

Ndugu Meneja,

KUHUSU: FENI ILIYOUNGUA, PAMOJA NA MAMBO MENGINE MADOGO MADOGO

Natumaini u mzima wa afya na kazi za mgodi zinaendelea vizuri. Mimi ni mteja wako wa Kifurushi cha Fedha. Kwa kazi ni fundi wa friji, mafriza na feni. Kibanda changu kiko nyuma ya duka la magodoro, na mtu yeyote wa mtaa huu ukimuuliza atakuonyesha. Naiandika barua hii kwa mkono kwa sababu mambo mazito hayaandikwi kwa kidole kimoja. Nikimaliza nitaipiga picha kwa simu na kumtumia yule Dada Mhudumu wenu, maana njia nyingine ya kuwafikia sijaiona.

Nianze kwa kusema wazi kwamba siandiki kwa ubaya. Nawaamini. Katika nyumba nzima nawaamini peke yangu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Shida ni mama mkwe.

Mama mkwe anaishi nasi, na riziki yake ni barafu. Ana friza kubwa pale sebuleni, na wauza samaki na wauza juisi walikuwa wakibisha hodi kabla hatujanawa uso. Kompresa ya friza hilo ilipoungua, nililifungua mbele ya macho yake, nikaitoa ile iliyokufa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga mafundo mawili, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Ndivyo ninavyomfanyia kila mteja tangu nijifunze kazi. Kilichoungua ni mali yake, akakiangalie kwa wakati wake, asije akasema fundi kamchezea. Fundo la kwanza ni la kufunga mfuko, la pili ni la heshima. Naye akanipa pesa nikanunue kompresa mpya. Pesa hiyo ndiyo mliyo nayo ninyi.

Sikumuibia mtu. Nilimweleza mezani, mke wangu akisikia, kwamba badala ya kununua kompresa moja tununue mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Mashine ingekaa huko kwenu, ninyi mngeitunza, ingechimba usiku na mchana, sisi tungekaa tukipokea, na baada ya muda mfupi tungenunua friza jipya lenye milango miwili. Mama mkwe alisema yeye mambo hayo hayaelewi, ila kama fundi ndiye anayesema, basi. Neno hilo silisahau. Leo ndani ya friza tunahifadhi mablanketi, wauza samaki wamehamia kwingine, na mama mkwe ametangaza kwamba mwisho wa mwezi ukifika bila kompresa atamwita fundi Gesi.

Huenda humjui fundi Gesi. Ni mshindani wangu, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na hajawahi kukanyaga kwangu. Fundi wa friji kuletewa fundi mwingine wa friji sebuleni kwake ni jambo ambalo mtu huhama mtaa kwa ajili yake. Kwa hiyo naomba mnisaidie kumtuliza mama mkwe kwa kushughulikia haya yafuatayo.

1. Feni. Mlinikata ada ya matengenezo, mkaandika kwamba feni ya mashine yangu imeungua na imebadilishwa. Sikulalamika. Feni huungua, na kuungua kwake ndiko kunakonilisha. Ila ile iliyoungua hamkunikabidhi. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu: mfuko uko wapi? Naomba mnitumie feni hiyo hata kama imeyeyuka, mfuko nitatoa mimi. Wiki iliyofuata ikaungua nyingine, na iliyofuata nyingine, na kila mara ada ikawa sawasawa na kile kilichochimbwa, bila kuzidi wala kupungua. Nimezeeka kwenye feni, Ndugu Meneja, na sijaona feni yenye nidhamu kama hiyo. Kwa maoni yangu kosa si la feni, mtazame umeme unavyoingia. Mkiniruhusu nitakuja kuitazama mwenyewe, nauli juu yangu. Nahitaji tu kujua ni wapi.

2. Picha. Nilipoomba picha ya mashine yangu mlinitumia upesi, nashukuru. Nikamwonyesha mama mkwe kwa fahari. Akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena, akasema hiyo ni mashine ya kuangulia vifaranga. Jirani yetu mfuga kuku analo tangazo lenye picha ileile, tofauti ni kwamba kwenye tangazo lake vifaranga wanaonekana. Niliwatetea. Nilisema kampuni kubwa huweza kufanya biashara mbili. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kama mnafuga kuku pia, nisionekane mwongo.

3. Sauti. Mteja akija kwangu anataka kununua friji la mtumba, namkataza kutoa pesa kabla ya kulisikiliza. Nalitegea sikio ubavuni. Mngurumo wa friji hauna siri, utakwambia linakula umeme kiasi gani na limebakiza umri gani. Sasa mke wangu ananiuliza, tena kwa upole unaoudhi, ilikuwaje nikanunua mashine ambayo sijawahi kuisikia ikikohoa. Naomba mnirekodie ngurumo yake kidogo. Msinitumie muziki kama mara ile.

Kwenye umeme hapohapo kuna swali jingine. Mama mkwe amelipia umeme wa friza moja miaka yote hii na anaujua uchungu wake. Aliuliza umeme wa mashine isiyolala unalipwa na nani. Nikasema ni hawa mabwana. Akauliza, na sarafu zikishuka bei, umeme nao unashuka? Akauliza, kama mashine inazaa kila siku bila kukosa, kwa nini wamuuzie fundi friji, wasikae nayo wakala wenyewe? Nikasema wana moyo wa kusaidia. Akasema watu wenye moyo wa kusaidia hawaweki saa ya kumharakisha mtu. Alikuwa anaisema ile saa yenu ya punguzo la Kifurushi cha Almasi, inayohesabu kurudi nyuma hadi inakwisha, kisha inaanza upya. Mimi naipenda saa ile. Lakini naomba siku moja iishe kweli, angalau nimwonyeshe.

4. Msiba. Hili naliandika kwa unyenyekevu. Nilipokuwa naingiza pesa, Dada Mhudumu alikuwa ananijibu kabla sijamaliza kuandika. Aliniita kaka, akaniuliza hali ya watoto. Siku nilipobonyeza kitufe cha kutoa pesa, babu yake akafariki. Nilimpa pole kwa moyo wote, na mke wangu naye akatuma za kwake. Nilipobonyeza tena, akanijulisha kwamba babu ni mgonjwa mahututi. Nikafurahi kusikia amepata nafuu. Mara ya tatu babu akafariki tena. Mimi si mtu wa kuingilia misiba ya watu, lakini naanza kuona kwamba kitufe changu ndicho kinachomuua mzee huyu, na nafsi inanisuta kila nikikisogelea. Naomba nihamishiwe kwa mhudumu ambaye hana wazee.

5. Mashahidi. Kwenye ukurasa wenu kuna bwana mmoja mwenye miwani na tabasamu, mwalimu mstaafu, anasema mashine yenu imemjengea nyumba. Ukishuka chini kidogo, bwana yuleyule ni muuguzi. Ukishuka tena, ni mama wa watoto wanne. Mwalimu na muuguzi niliwatetea vizuri sana, nikasema mtu hubadilisha kazi. Mama wa watoto wanne alinishinda.

6. Cheo. Ili nitoe pesa yangu mlisema nilipe kwanza kodi. Nikalipa, kwa pesa ya gesi ya kujazia mafriji ya wateja. Mkasema nilipe ada ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nikalipa, ingawa nilikuwa na hakika. Baada ya kuthibitishwa mkanipongeza, mkanipandisha daraja, na mkanieleza kwamba wa daraja langu jipya haruhusiwi kutoa kiasi kidogo kama nilicho nacho. Yaani nimepandishwa hadi sifikii mlango. Njia iliyobaki, mkasema, ni kuleta wanachama watatu.

Mke wangu alikataa kwa kuzima taa. Muuza magodoro alicheka hadi akakalia bidhaa yake. Wa tatu, Ndugu Meneja, na ninalisema hili ili muone nilivyojitolea, alikuwa fundi Gesi. Nilimeza aibu nikamwandikia ujumbe mrefu. Nikamweleza habari za mashine, na kwa kutaka kuonyesha nilivyo na imani, nikamwambia kwamba hata pesa ya kompresa ya mama mkwe nimeiweka humo. Hakujibu. Ila kesho yake alipita mbele ya nyumba yetu polepole, mkoba wa vifaa begani, akamwamkia mama mkwe kwa heshima iliyopitiliza, akamuuliza habari za friza. Kwa hiyo huyo fundi Gesi ninayemwogopa mmemleta ninyi mlangoni kwangu. Nami nilisaidia kidogo.

7. Mjomba. Binti yangu mdogo ameipa mashine jina. Anaiita Mjomba, kwa sababu tunaambiwa yuko mbali, anafanya kazi usiku na mchana, na hatujaona kitu. Nyumba nzima ilicheka, isipokuwa mama mkwe, ambaye mjomba wa kweli ni mwanawe. Alikwenda kuketi juu ya friza lake, akajifanya anakunja mablanketi. Nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya blanketi, na niliumia, hilo siwafichi. Mwanamke yule hajawahi kuniomba hata chumvi.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari, naomba mashine yangu irudishwe nyumbani. Nimeichoka kuwa mbali. Iletwe ilivyo, pamoja na feni zote zilizoungua, na babu wa Dada Mhudumu akipata nafuu anaweza kuisindikiza. Tumeitengea nafasi kando ya friza. Ikikataa kuchimba nitaifungua, na kwa uzoefu wangu hakuna mashine isiyo na waya wa shaba ndani. Mkifanya hivyo sitawasema vibaya popote. Nitawapa hata ushuhuda, na picha yangu mtaitumia kwa kazi yoyote mpendayo, isipokuwa mama wa watoto wanne.

Mkishindwa na hilo pia, basi tumeni kompresa tu. Hata ya mtumba. Nitasema imetoka mgodini.

Nimalize kwa kurudia kwamba imani yangu kwenu haijatikisika, imechoka tu, na kompresa moja ingeipumzisha. Nisalimie Dada Mhudumu, na babu yake kwa hali yoyote aliyo nayo leo. Nisalimie yule mwalimu mstaafu na kazi zake nyingine zote. Msalimie fundi anayebadilisha feni zangu, mwambie nampa pole kwa kazi isiyokwisha. Salamu kwa vifaranga, kama wapo. Mke wangu anasema msalimike. Mama mkwe nilimuuliza kama ana salamu zozote, akasema aulizwe mwisho wa mwezi.

Wako mwaminifu, mchimbaji wa daraja la juu,

Fundi Baridi

Tanbihi: Nilikuwa nimeikunja barua hii, nangoja mwanga mzuri wa kuipiga picha, hodi ikapigwa. Alikuwa fundi Gesi. Mama mkwe hakungoja mwisho wa mwezi. Fundi huyo amemfungia kompresa ya mtumba na atalipwa kwa barafu, kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyemshikia tochi, maana nilishindwa kusimama pale mikono mitupu nikitazama. Amefanya kazi safi, na imeniuma zaidi kuliko angeharibu. Friza linanguruma hapa ninapoandika, na mablanketi yako juu ya kiti changu.

Fundi Gesi alipoondoka, mama mkwe alileta ule mfuko niliomkabidhi. Akafungua mafundo yote mawili, akaitoa kompresa iliyoungua, akaiweka chini. Akachukua simu yangu mezani, akaizima, akaitia kwenye mfuko. Akafunga fundo la kwanza, halafu la pili, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama ninavyofanya mimi. Nimeelewa kilichoungua ni kipi. Kwa hiyo feni msihangaike nazo, mashine kaeni nayo, na yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Nimemuapia mama mkwe kwamba mfuko huu sitaufungua, na bila simu barua hii haina njia ya kutoka humu ndani.

Kama basi imekufikia, Ndugu Meneja, jua kwamba nimeshafungua mafundo yote mawili. Nijibu upesi kabla hajamaliza kuuza barafu yake ya kwanza: lile punguzo la Almasi bado lipo?