Vidonge Arobaini vya Daktari Drusilla

Inatangazwa kwa wote, kuanzia lango kuu hadi jikoni: chuo chetu hapa Kisii kimejaliwa Kamati ya Matumizi Kamili. Wajumbe saba, mwenyekiti Profesa Obwocha; kazi yao kuhakikisha kila kitu kinatumika hadi kiishe, na kutia sahihi mafaili ya vyeo.

Walianza na faili la Daktari Drusilla Omosa, mwalimu wa kemia, aliyengoja uprofesa miaka tisa bila kumnunia mtu. Mwaka wa kwanza wa kungoja alifinyanga vidonge vya kichocheo kwa vumbi la mawe ya sabuni yachongwayo Tabaka. Ukivitia kwenye mafuta yaliyochoka ya kukaangia chipsi, pamoja na spiriti kidogo, mafuta hugeuka dizeli upesi.

"Ulianza na vidonge vingapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Arobaini, Profesa."

"Na vilivyobaki?"

"Arobaini."

Wajumbe walitazamana kwa huzuni.

"Yaani miaka tisa havijafanya kazi hata siku moja!"

"Kichocheo hakiishi, Profesa. Kinaharakisha mengine, chenyewe kinabaki kilivyokuwa."

"Mama, hata sabuni huisha."

Azimio likapita: chochote kitokacho kazini kikiwa kamili kirudishwe stoo, na faili lisubiri. Drusilla aliwashukuru kwa muda wao. Nje, Joash wa stoo alimshikia mlango, kisha akavipokea vidonge kwa mikono miwili, kama mayai.

Joash ni mtu mtiifu. Jumatatu aliingia kikaoni na mkokoteni na nakala ya azimio.

"Mlianza saba. Leo nahesabu saba. Wote kamili, wengine mmeongezeka kidogo. Twendeni stoo, wazee wangu."

"Joash, umelewa?" Obwocha alifoka. "Sisi si wa kuisha! Sisi tunaharakisha kazi za wengine!"

"Basi nyinyi ni kichocheo. Hiyo ni elimu ya Daktari. Nileteeni barua yake kuwa mnafanya kazi bila kuisha, nami nitawaacha."

Wakamwendea maabarani, wote saba. Drusilla aliwapa viti kwanza, maana Obwocha ana goti bovu.

"Nitawapima kwa furaha," alisema. "Ila kichocheo sharti kiwe kimeharakisha kitu. Mmeharakisha nini?"

Mjumbe mmoja alitaja chakula cha mchana.

Ndipo Obwocha akakumbuka kuna faili la uprofesa linalosubiri. Sahihi saba zilipatikana kabla chai haijapoa, na Profesa Drusilla akaandika barua papo hapo:

"Inathibitishwa kwamba Kamati imeharakisha jambo moja. Kisayansi, jaribio moja halitoshi. Walimu wengine kumi na wanne wanaongoja vyeo watafika kesho saa mbili na mafaili yao. Joash angoje mlangoni na mkokoteni."