Dagaa Wazuri Niliowaita Wabovu

Jumatatu, 2 Machi
Siri ya Modesta nimeijua! Huyu ni jirani yangu wa meza hapa sokoni Nyakato, na mpinzani wangu wa uenyekiti wa wauza dagaa. Leo kamwambia mteja waziwazi kwamba dagaa wake wamenyeshewa, arudi kesho. Mteja kafurahi kama kapewa bure! Kumbe ukweli unalipa. Uchaguzi ni Jumamosi, na uenyekiti nautaka kufa na kupona. Kuanzia kesho mimi ni mkweli kuliko yeye.

Jumanne, 3 Machi
Tatizo: dagaa wangu ni wazuri. Wamekaukia juu ya chanja, hawana hata punje ya mchanga. Sasa niungame nini? Nikabuni. Mama Kashindye alipokuja, nikamwambia bila kupepesa macho kwamba wangu walianikwa chini, kuku wakawapitia. Akanishukuru sana, akasema watu wakweli wamebaki wachache. Halafu akaenda kununua kwa Modesta. Sikati tamaa. Ukweli unataka muda.

Alhamisi, 5 Machi
Biashara hamna, isipokuwa mfuga bata mmoja. Mke wangu Wilhelmina kanuna. Anauliza kwa nini naitukana mali aliyoianika kwa jasho lake. Nikamwambia hii ni siasa, hawezi kuelewa. Akasema haya. Hiyo "haya" yake siipendi.

Jumamosi, 7 Machi
Kura! Sisi hatuna karatasi. Kila mtu anapanga mstari nyuma ya mgombea wake. Nikahutubia: kwamba mimi ni mvivu, asubuhi siamki, na funguo za stoo nikipewa nitazipoteza. Makofi! Mzee Muharami, msimamizi wetu, akasema tangu azaliwe hajasikia mgombea mkweli namna hii. Kisha wakajipanga. Mstari wa Modesta ukafika hadi chooni. Nyuma yangu hakuna hata mbuzi! Na Wilhelmina nikamwona kule, tena mbele kabisa. Nilipomuuliza, akasema aliniamini kila neno. Imeniuma jamani, sifichi.

Jumapili, 8 Machi
Mahubiri yote nimewaza. Nimepata! Modesta anateua katibu kesho, na ametangaza anataka mtu mkweli. Nani kama mimi? Nitamwahi alfajiri, nimpe shikamoo ingawa nimemzidi umri, kisha nimwambie ukweli mtupu: kwamba jana hata mimi nilikuwa kwenye mstari wake.